Anazitaja herufi zote, mbona hawezi kusoma "mama"?

Tangu shule zifunguliwe Januari, barua nyingi zilizonifikia kwenye safu hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtoto herufi anazijua, lakini ukimwekea neno mbele yake anakodoa macho tu. Mwezi huu nazijibu kwa pamoja. Nyingi zimetoka huku kwetu kusini mwa Tanzania, na nimefurahi, kwa sababu darasa la kwanza nililifundisha hukuhuku, Newala kwanza, kisha Masasi mpaka nikastaafu, na mifano niliyo nayo ni ya watoto wa huku. Majina ya walioandika nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la kwanza. Anaimba a, be, che, de mpaka ze bila kukosea, na hata ukimwonyesha herufi mojamoja anazitaja. Lakini nikimwandikia "mama" anasoma "me-a-me-a", halafu ananitazama. Baba yake anasema mtoto ni mzito. Nimeumia sana. Nifanyeje? (Mama, Tandahimba)

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie baba yake kwa upole kwamba mtoto si mzito. Amefanya kilekile alichofundishwa. Ameambiwa alama hii ni "me" na hii ni "a", akaziunganisha kwa uaminifu, akapata "mea". Jaribu mwenyewe: tamka "me", tamka "a", ziharakishe mpaka ulimi uchoke. Hufiki kwenye "ma". Chukua "se" na "i", utapata "sei", hutapata "si". Mtoto anadaiwa jibu ambalo hawezi kulipata kwa alichopewa.

Ndiyo maana nasema, na nitazidi kusema: herufi ina jina na ina sauti, na tunaposoma tunatumia sauti. Jina la m ni "me", linakufaa unapomtajia mtu herufi za jina lako kwenye simu. Sauti yake ni ile ya midomo iliyofungwa, mmm, kama ya mtu anayeonja mchuzi ukamkolea. A be che de sina ugomvi nayo. Ni wimbo mzuri, na mtoto ataihitaji siku akianza kutafuta maneno kwenye kamusi. Ila kusoma hakuanzii hapo.

Sasa fanya hivi. Siku za mwanzo usimshikishe karatasi wala penseli. Kaeni barazani jioni, mwambie: "Nitasema neno polepole, wewe liseme haraka." Kisha vuta sauti: "sss-aaa-sss-aaa." Akisema "sasa", mpe "mmm-iii-mmm-iii". Mpe "lll-aaa-lll-aaa". Mtu mzima akipita atadhani mnacheza, na ni kweli mnacheza, lakini hapo ndipo sikio la mtoto linapogundua kwamba neno moja lina vipande ndani yake. Asiyelisikia hilo atahangaika na herufi miaka na miaka. Mkishazoea, geuzeni: yeye avute sauti, wewe ubashiri. Watoto huipenda mno zamu hiyo ya kumkosesha mama.

Baada ya hapo leta herufi, na usifuate mpangilio wa alfabeti. Anza na irabu tano, a, e, i, o, u. Hizo jina lake na sauti yake ni kitu kimoja, hazina shida. Halafu mpe m, kisha s, kisha l na n. Nimezichagua kwa sababu zinavutika: unaweza kuishikilia mmm au sss mpaka irabu ifike. Herufi kama b, t, k na p hukatika papo hapo. Ukijaribu kuivuta b utaishia kusema "be" au "bu", na umemrudisha mtoto kwenye majina. Hizo zisubiri mpaka aelewe kuunganisha.

Na kuunganisha kwenyewe hufundishwa kwa kidole. Andika m kwenye mchanga, na a mbali nayo kama shubiri mbili. Aweke kidole kwenye m, aanze mmm, kisha akiburute kidole kuelekea kwenye a bila kukata pumzi. Kidole kikigusa a, mdomo ufunguke: mmmaaa. Pumzi isikatike njiani, hilo ndilo la kusimamia. Akikata atasema m peke yake na a peke yake, na "ma" haitapatikana. Mkiweza kwa shubiri mbili, sogeza herufi ziwe shubiri moja, kisha vidole vinne, mpaka zikaribiane kama zilivyo kitabuni. Nimeona watoto wakishtuka siku "ma" inapotoka. Wengine humwangalia mwalimu mdomoni wakidhani ni yeye aliyesema.

Kwa herufi hizo nne na irabu tano tu, mwanao anaweza kusoma mama, mimi, sisi, sasa, lala, lima, simu, nane, asali, maua, ulimi, salama. Ni maneno kamili anayoyatumia kila siku, si vipande. Siku akisoma "asali" mwenyewe kutoka kwenye karatasi, muite baba yake asikie.

Dakika kumi kila jioni zinatosha, na ni bora kuliko saa nzima ya Jumamosi yenye machozi. Muandikie kwa herufi ndogo. Wazazi wengi huandika MAMA kwa herufi kubwa, wakati vitabu vya darasa la kwanza vimejaa herufi ndogo, kwa hiyo mtoto anafika shuleni anakutana na wageni. Kadi za herufi kata kwenye boksi la sabuni au la biskuti, andika kwa mkaa au maka peni. Lakini nakusihi, mfuko uliobebea salfa ya mikorosho usiukate kuwa kadi, hata ukiufua. Ile ni dawa ya shambani, na watoto hutia kila kitu mdomoni.

Jambo moja la mwisho. Simama nyuma yake akiwa hakuoni, umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, au kama masikio yake hutoa usaha mara kwa mara, mpeleke zahanati kwanza. Mtoto ambaye f na s kwake zinasikika sawa hawezi kuzitofautisha kwenye karatasi, na hilo halina uhusiano na uzito wa akili.

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Wanangu wanakwenda shule asubuhi na madrasa alasiri. Jirani amenishauri niwasimamishe madrasa mpaka wajue kusoma Kiswahili, ati herufi za namna mbili zinawachanganya. Ni kweli? (Baba, Mikindani)

Waalaykum salaam, baba. Waache waendelee. Tena nitakuambia kitu nilichokiona kila mwaka darasani: watoto waliotoka madrasa mara nyingi walitangulia kushika silabi.

Msikilize ustadhi wao anavyowasomesha: "bee fat-ha ba, bee kasra bi, bee dhumma bu." Mtoto anataja herufi, anataja alama ya irabu, kisha anatoa sauti yenyewe. Hakuachwa kwenye jina la herufi, amefikishwa mpaka "ba". Kwa hiyo tayari anajua kwamba alama mbili zikikutana hutoa sauti moja, na irabu ikibadilika sauti nayo inabadilika. Hicho ndicho tunachohangaika kumpa mtoto wa darasa la kwanza. Wewe muonyeshe tu kwamba ba, bi, bu aliyoisoma alasiri ndiyo hii ya asubuhi, imevaa herufi nyingine. Na sauti za th, dh na gh zimeshazoeleka kinywani mwake, wakati mwenzake husema "samani" akikusudia thamani, na "zahabu" akikusudia dhahabu. Wazee wetu wa mwambao huu, Mikindani na Kilwa, waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi tunazotumia sasa, kwa hiyo mambo haya mawili si maadui.

Angalia mawili. Fat-ha, kasra na dhumma ni irabu tatu, Kiswahili kina tano. E na o zitahitaji mazoezi ya ziada, maana mtoto huweza kuzimeza ndani ya i na u. Mpe maneno yanayokaribiana: pita na peta, tua na toa. Ayasikie, ayatamke, ndipo ayaandike. La pili ni upande wa kuanzia. Mwekee kitone cha rangi kushoto mwanzoni mwa kila mstari wa Kiswahili, mpaka mkono uzoee.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kondakta wa gari la abiria, Lindi hadi Masasi. Nyumbani hatuna vitabu vya hadithi na sina uwezo wa kununua sasa. Binti yangu ana miaka saba, silabi amezianza. Nimpe nini asome? (Baba, Lindi mjini)

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu unaniuliza kitabu na wewe kazi yako ni kuyaita majina ya vituo kutwa nzima! Barabara yako hiyo inatosha kumsomesha mpaka muhula uishe. Majina yote anayasikia kinywani mwako, na mtoto husoma kwa urahisi neno analolijua kwa sikio. Kazi iliyobaki ni kuyapanga kwa ugumu, usiyafuate yalivyo njiani.

Anza na mwisho wa safari: Masasi. Sina neno zuri kuliko hilo kwa mtoto anayeanza. Herufi nne tu, m, a, s na i, zote zinavutika: ma-sa-si. Mwandikie kwenye kipande cha boksi, umwambie "soma gari la baba linakwenda wapi." Halafu miji mingine ya huku kwetu, Newala na Liwale, silabi nyepesi kabisa: ne-wa-la, li-wa-le. Hayo yanaweza kumchukua wiki, usimkimbize.

Kisha Mtama, na hapa kaa kidogo. Mtoto aliyeambiwa kwamba kila konsonanti lazima iwe na irabu yake atasoma "mutama", na huku kwetu wengi hata wakubwa husema "muti" na "mutu". Mwambie m hii imesimama peke yake, midomo inafungwa, inaguna mara moja, ndipo inafuata ta na ma. Pigeni makofi: m, ta, ma. Makofi matatu. Mtu, mti, mto: makofi mawili mawili.

Makofi hayo yana faida nyingine. Mwambie apige makofi ya "mbu", kisha ya "mbuzi". Yote mawili ni makofi mawili, na atashangaa, maana mbuzi ni neno refu zaidi kwenye karatasi. Mbu ni m-bu, m imesimama peke yake. Mbuzi ni mbu-zi, m imeng'ang'ania b, wanatoka pamoja. Hakuna haja ya kumpa kanuni. Sikio lake linajua tayari kwa sababu amekua akiyasema. Makofi yanamuonyesha anachokijua.

Baada ya hapo rudi barabarani. Ndanda: nda-nda. Lindi: li-ndi. Mingoyo: mi-ngo-yo. Herufi mbili, sauti moja inayotoka kwa pamoja. Nyangao ina ny na ng katika neno moja, na akilisoma hilo bila kusaidiwa mpe zawadi. Ukiwa Lindi mjini muandikie Ng'apa na Ngongo kwenye kadi mbili, ziweke sambamba. Ng'apa ina kile kibanzi juu, Ngongo haina, kama ilivyo kwa ng'ombe na ngoma. Asikie tofauti puani na kooni mwake kabla hujamuonyesha kibanzi. Nachingwea na Ruangwa zisubiri mpaka mwisho, zina ngw, konsonanti tatu zinazotoka kwa mkupuo mmoja, na hata ch ya Nachingwea inataka somo lake peke yake.

Siku moja isiyo na msongamano mpeleke stendi. Asome vibao vya mbele vya magari. Atakapokosea moja, usimtajie neno zima, mfunike sehemu kwa kidole umwachie silabi ya kwanza tu.

SWALI: Habari za siku nyingi Mwalimu. Mimi ni bibi ninayelea mjukuu. Nyumbani tunasema Kimakonde. Shuleni anaandika "kalatasi" na "balua", na anakaripiwa kila siku mpaka sasa hataki kwenda. Je, niache kusema naye lugha yetu? (Bibi, Newala)

Dada yangu, usiache hata siku moja. Mtoto anayesimuliwa hadithi jioni kwa Kimakonde anajifunza kusikiliza, kukumbuka mpangilio wa mambo na kusubiri neno linalofuata, na hayo yote atayabeba kwenda kwenye kitabu. Sauti za ng' na ny, ambazo watoto wa kwingine huzisotea, yeye kazaliwa nazo.

Shida ni r peke yake, maana kwenye Kimakonde sauti hiyo haina mahali pake. Mtoto ameandika vile anavyosikia na anavyotamka. Huyo anajua kazi ya herufi! Amesikia l, akaandika l. Kumkaripia ni kumwadhibu kwa kuwa makini, na hili nawaambia pia walimu wenzangu wanaosoma safu hii: kosa la aina hiyo linaonyesha mtoto yuko njiani, tofauti na yule aliyeandika herufi ovyo.

Mfundishe ulimi kwanza. Aseme lll na kuutuliza ulimi nyuma ya meno ya juu; ukae hapo. Kisha r: ulimi unagusa na kuachia, unatetemeka. Aweke kiganja karibu na mdomo auhisi upepo ukitikisika. Ikishindikana, msilazimishane, wapo watu wazima wenye vyeo ambao r yao ni l mpaka leo na wanasoma vizuri kabisa. Anachohitaji ni kujua kwamba kuna maneno yanayoandikwa kwa r. Chagua yale ambayo kukosea kunaleta jambo jingine: kura na kula, mahari na mahali. Chora duara mbili chini, moja r moja l, wewe taja neno, yeye arukie duara lake. Maneno machache kila siku, mkicheka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ni mwalimu mwenzako wa darasa la awali, wilaya ya Nachingwea. Darasa langu ni kubwa kupita kiasi. Tukisoma kwa pamoja ubaoni inapendeza sana, wageni wakija husifu. Nikimwita mmoja mmoja, wachache mno wanaweza. Nifanye nini na umati huu? (Mwalimu, Nachingwea)

Marahaba mwanangu, na nakupa pole ya kweli. Kiwango kilichowekwa kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na najua shule nyingi za vijijini zimekaa mbali na kiwango hicho, hasa tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 na wazazi wakaitikia kwa wingi. Kuitikia kwao ni jambo jema. Mzigo umekuangukia wewe.

Umeniandikia ukweli ambao walimu wengi huuficha: darasa linaimba, halisomi. Watoto wachache walio mbele wanasoma, walio nyuma wanawadaka maneno na kuyarudisha nusu nukta baadaye. Sauti ni moja, nzuri, na mwalimu hasikii nani hayumo. Kuna njia nyepesi ya kujua. Uliyoandika ubaoni kwa mpangilio wa a, e, i, o, u, ma, me, mi, mo, mu, usiyaguse. Chukua fimbo yako uonyeshe kwa kurukaruka: mo, ma, mu, mi. Kwaya itavunjika papo hapo, na utasikia ni sauti ngapi zimebaki. Nyingine ni kuandika neno lisilokuwepo, kama "lisumo" au "namusi". Halina picha, halina kumbukumbu. Atakayelitoa huyo anasoma.

Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, walimu wengi tumepewa mafunzo ya kufundisha sauti, na Mtwara tulipata vitabu na semina kupitia mradi wa Tusome Pamoja. Mafunzo mazuri. Ila hayakuja na madarasa ya ziada, kwa hiyo nikuambie nilivyokuwa nafanya.

Niligawa darasa kwa mistari ya kukaa. Kila siku mstari mmoja ulikuwa wangu. Wengine wakiwa wanaandika chini uwanjani kwa kijiti au wanapanga vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi, mimi nilichuchumaa na watoto wa mstari ule, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja herufi tatu na silabi mbili, basi. Ni sekunde chache kwa mtoto. Juma likiisha nimemsikia kila mmoja kwa sikio langu. Niliandika kwenye daftari alama mbili tu, anaunganisha au bado. Wale wa "bado" ndio niliobaki nao dakika za mapumziko, wawili watatu kwa siku, hawazidi hapo.

Vizibo usiache kuvikusanya. Waombe wenye maduka na vibanda vya soda, hawakunyimi. Piga nyundo kingo kali ziiname, andika ndani kwa maka peni, irabu kwa nyekundu na konsonanti kwa nyeusi. Watoto wa awali wana miaka mitano, vidole vyao bado havijakomaa kushika penseli vizuri, na mtoto ambaye mkono unamuuma huchukia herufi yenyewe. Kwa vizibo anatunga "sima" na "lima" kwa kubadilisha kizibo kimoja, bila kuandika chochote. Na hapo ndipo wengi huelewa: akitoa s akaweka l, ugali umekuwa kazi ya shamba.

Kwaya usiifute. Iweke dakika tano za mwanzo, iwachangamshe. Halafu ivunje.

Msimu wa korosho nao unakuja na yake. Kuanzia Septemba au Oktoba baadhi ya familia huhamia mashambani, na watoto hupotea darasani hadi Desemba, hapohapo silabi zilipokuwa zinaanza kukaa. Wiki moja kabla, wape kila mmoja kipande cha boksi chenye silabi za kukaririana na kaka au dada aliyemtangulia, umwambie aliyemtangulia, siyo mzazi. Mzazi shambani amechoka. Dada wa darasa la nne anapenda kuwa mwalimu.

SWALI: Mwalimu, mtoto wangu anasoma shule ya Kiingereza hapa mjini. Nyumbani namfundisha Kiswahili, lakini "baba" anaanza "bii-ei" na kila i anaisoma "ai". Nianze na lugha ipi? (Mama, Mtwara mjini)

Mwanao ana majina mawili kwa kila herufi na mengine yanagongana. Herufi i Waingereza wanaiita "ai". Herufi e wanaiita "ii", na "ii" kwetu ndiyo sauti ya i. Herufi a wanaiita "ei". Ungekuwa wewe ungechanganyikiwa pia.

Majina yote yaweke kando, ya lugha zote mbili, ushike sauti. Na kama una uamuzi, mpe Kiswahili kwanza. Kwetu a ni a popote ikaapo, na herufi inatamkwa karibu daima vilevile, kwa hiyo mtoto huelewa kanuni ya kusoma mapema. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti kama 44 hivi, a moja inasomwa namna kadhaa, na watoto wa Uingereza wenyewe huchukua muda mrefu zaidi kuimudu. Akishajua kuunganisha kwa Kiswahili, ujuzi huo hauachi mlangoni akienda darasani. Anabaki kujifunza sauti mpya tu. Shule wakifundisha kwa Kiingereza asubuhi, wewe jioni shika Kiswahili peke yake, kitabu chake tofauti, hata mahali pa kukaa pawe tofauti.

SWALI: Mjukuu wangu anageuza b na d kila mara, anaandika "dada" anapotaka "baba". Ana miaka sita. Ni ugonjwa? (Babu, Kilwa Masoko)

Si ugonjwa, babu. Kwa miaka sita ni jambo la kawaida, na watoto wengi huliacha wenyewe kufikia miaka saba hivi au kidogo zaidi. Kikombe hata ukigeuzia mkono wake upande mwingine ni kikombe kilekile, na ndivyo mtoto alivyozoea kuviona vitu vyote duniani. Herufi ndizo pekee zinazombadilikia jina kwa kugeuzwa.

Usimfundishe zote mbili siku moja. Funga d kabisa kwa wiki mbili, fanyeni b peke yake: baba, bibi, babu, bao, bosi. Midomo lazima igusane ndipo b itoke, kwa hiyo kila anapoiandika aisikie midomoni. Ikishakaa, ndipo ulete d, ambayo midomo iko wazi na ulimi ndio unaofanya kazi. Akisita, muulize tu, "Midomo imefunga au iko wazi?" Akifika miaka minane na bado anageuza herufi nyingi, na kusoma kwenyewe kunamshinda, zungumza na mwalimu wake ili apimwe macho na masikio.